Msamaha Uko Mnadani

Jumatatu, 23 Machi

Idd imepita na mvua bado haijaja. Binti yangu Fathia amenipa daftari lake la chuo ambalo hakulimaliza. Alisema, "Mama, wewe siku hizi huongei na mtu. Basi andika." Nilisoma hadi darasa la nane kule Kulamawe, na mwandiko wangu bado unasomeka. Kwa hivyo naandika.

Mume wangu Samatar alifariki mwezi wa kwanza. Niko eda. Sitoki, sipaki hina, na wanaume wasio wa nyumbani wakija huongea nami kutoka nje ya pazia la mlango. Watu husema mimi ni mpole. Wifi yangu Halimo huwaambia wageni, "Huyu hata kuku hawezi kumfukuza." Ni kweli, kuku siwezi. Lakini kuna mtu mmoja katika mji huu ambaye kila asubuhi namwombea mabaya kabla sijanawa uso. Ni Daktari Galgalo.

Jumatano, 25 Machi

Mawingu upande wa milima ya Nyambene. Yamepita.

Ijumaa, 27 Machi

Leo nimekunja nguo za Samatar za kutoa sadaka. Shati moja jeupe nimelirudisha kabatini. Wacha niandike kwa nini.

Samatar alikuwa mtu mkubwa. Babu yake aliletwa hapa na jeshi la Waingereza, vita vikaisha, akabaki, na wote wa ukoo ule ni wakubwa. Nilipoolewa alikuwa akiendesha lori la ng'ombe kutoka Merti, na usukani ulikuwa umemchora mstari tumboni. Kwenye harusi viti vya plastiki vilimvunjikia, naye alicheka kwanza ili wengine wasimtangulie. Mwishowe alienda kwa fundi wa vyuma akatengenezewa kiti chake, juu akafunga mto wa kiti cha lori lake la zamani. Kiti hicho kiko mbele yangu ninapoandika. Tangu afe hakuna aliyekikalia.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, mguu wake wa kushoto ulianza kumuuma. Akaenda kwa Daktari Galgalo, mwenye kliniki karibu na msikiti. Mizani ya kliniki ikafika mwisho ikakwama. Mlango ulikuwa wazi, foleni yote inasikia. Daktari akasema, "Mzee, hii mizani utaiua. Wewe nenda mnadani, kule kuna mizani ya ng'ombe." Watu wakacheka. Samatar akacheka pia.

Halafu akaenda kweli.

Hakujua kwamba ni mzaha. Sisi ni watu wa mifugo. Ng'ombe hadungwi sindano kabla hujajua uzito wake, ukikosea dawa unamuua. Samatar aliona daktari amesema jambo la akili: anataka kilo zangu ajue dawa ya kunipa. Akangoja siku ya mnada, akaingia kwenye kile kizimba cha vyuma, na nyuma yake fahali wa mtu wa Biliqo alikuwa akingoja zamu. Alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. "Mia moja themanini na mbili," akaniambia. "Mizani nzuri ile, haina maneno." Alipoinama kuvua viatu nikauona mgongo wake. Walikuwa wamemwandika 182 kwa chaki ya buluu, kubwa, kama ng'ombe aliyepimwa. Alikuwa ametembea hivyo kutoka mnadani mpaka kwangu, akisalimia watu.

Sikumwambia. Nilisema, "Shati lina jasho, lete nilifue." Nililifua mara nyingi. Buluu haikutoka yote.

Akapeleka nambari yake kwa daktari. Daktari akapiga meza kwa mkono. "Kumbe ulienda!" Dawa hakumpa. Mguu hakuugusa. Alimwambia umevimba kwa sababu ya mwili, apunguze kula. Kufikia alasiri kila kibanda cha chai kilikuwa na hadithi hiyo, na vijana wakamwita Fahali. Samatar hakurudi kliniki. Nikimwambia twende hospitali kubwa anauliza, "Na hao wanitume wapi, machinjioni?"

Jumapili, 29 Machi

Imenyesha. Harufu ya vumbi lililolowa. Yeye angekuwa nje sasa, akiangalia matairi.

Alhamisi, 2 Aprili

Florence amekuja na sukari. Ni muuguzi wa hospitali kubwa, Mturkana. Ndiye aliyekuwa zamu siku tuliyompeleka Samatar akiwa hapumui vizuri. Sitamsahau mwanamke huyu. Aliunganisha vitanda viwili na hakusema kwa nini. Kila alichofanya alimwomba kwanza: "Mzee Samatar, naomba nigeuze mkono wako." Hata alipokuwa hajibu tena, Florence aliendelea kumwambia, "Mzee, nakufunika sasa."

Leo nilimwomba anieleze upya. Akasema damu iliganda mguuni, ikapanda kifuani. Mguu mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake, unauma na una joto, huo ni wa kuguswa na kupimwa siku hiyo hiyo. Kuna dawa.

"Kwa hivyo mguu ungeguswa, angepona?" nikauliza.

Florence aliangalia chai yake. "Mama Fathia, mimi sikuwepo."

Jibu hilo lilinitosha.

Jumatano, 8 Aprili

Halimo ameingia na mitungi yake ya maziwa ya ngamia, hata viatu hajavua.

"Umesikia? Daktari wako anaenda Hija."

"Si wangu."

"Anampeleka mama yake, yule bibi, Akko Ado. Wanaondoka wiki ya pili ya mwezi wa tano. Sasa anazunguka mji mzima kuomba msamaha. Amemwomba mpaka yule mwenye duka la simu aliyekosana naye. Kwako atakuja, we subiri."

Nimefurahi. Sikujua kama naweza kufurahi tena. Mtu hataki kwenda Makka na kinyongo cha mtu nyuma yake, na kinyongo chake kikubwa kimekaa ndani ya nyumba hii, kimevaa nyeupe.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua mchana kutwa. Nangoja.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Nangoja.

Jumapili, 19 Aprili

Amekuja.

Nilisikia pikipiki ikisimama nje. Hakuizima. Kisha sauti yake nyuma ya pazia.

"Salaam aleikum, Mama Fathia."

"Aleikum salaam."

"Nimepita tu kuaga. Safari ya Hija, mimi na mama. Tusameheane kama kuna lolote."

"Lolote gani?"

"Lolote tu, Mama. Binadamu hukoseana."

"Zima pikipiki, daktari."

Akaenda, akaizima, akarudi. Jikoni Halimo alikuwa akichuja maziwa. Nikasikia na yeye ametulia.

"Unamkumbuka Samatar?"

"Mzee Samatar, Mungu amrehemu! Mtu wa vituko sana yule."

"Ulimtuma mnadani."

"Mama, ule ulikuwa mzaha. Hata yeye alicheka."

"Alienda kwa sababu alikuamini. Sikiliza. Msamaha wako uko mnadani. Nenda siku ya mnada, watu wakiwa wamejaa. Ingia kwenye mizani, uandikwe mgongoni kwa chaki, utembee na hiyo nambari mpaka hapa. Ukifika nitakusamehe."

Akacheka. "Mama Fathia, unanichezea."

"Yeye alifikiri humchezei."

Viatu vyake vikaondoka kwenye matope. Pikipiki ilikataa kuwaka. Niliisikiliza ikikataa, na ilikuwa tamu kuliko chai.

Halimo alitoka jikoni mikono ikiwa na maziwa. "Wallahi, leo kuku amefukuzwa."

Jumatano, 22 Aprili

Mji wote unajua. Nyumba imejaa wanawake. Wengine wananiambia mwanamke wa eda asifunge moyo wake. Wengine wanataka kujua ni siku gani wasikose.

Nilimwambia Fathia, "Siku akipanda, uende uniangalizie. Mimi siwezi kutoka." Fathia amechukua mwili wa baba yake, mabega na kicheko. Tangu baba yake azikwe hajakanyaga kliniki yoyote, na kichwa kinamuuma kila wiki.

"Siendi," akasema.

"Kwani hutaki alipe?"

"Nataka. Lakini mizani ile sitaki kuiona ikichekesha watu, Mama. Hata ikiwa ni yeye. Wakimaliza kumcheka yeye wataniangalia mimi."

Nilikasirika kwamba hakuwa na hasira ya kutosha. Nitamtuma Halimo.

Jumamosi, 25 Aprili

Mnada umefungwa kwa matope. Anaokolewa na mvua.

Jumanne, 28 Aprili

Leo ni siku ya kuandika mengi.

Akko Ado amekuja mwenyewe, mama yake Galgalo, amejifunika mwavuli na kuku wa zawadi mkononi. Sikuwahi kumwona kwa karibu. Ni mtu mkubwa, kama Samatar. Halimo alimsogezea kiti cha plastiki. Akko akakiangalia miguu kwanza, mmoja mmoja, vile alivyokuwa akifanya Samatar. Mdomo wangu ukasema bila kuniuliza, "Akko, kalia kile cha chuma."

Akakaa. Akashusha pumzi ndefu. "Hiki kinanipokea," akasema.

Alinisihi. Hakulia, alinisihi tu. "Mwanangu ni mdomo, si moyo. Alipokuwa shule watoto walikuwa wakimwimbia kwa sababu yangu. Nikienda kumchukua wanaimba. Siku moja na yeye akaimba nao. Nilimsikia. Tangu hapo amekuwa mtu wa kucheka kabla ya wengine. Nimlaumu vipi mimi, nami ndiye niliyemwachia aibu hiyo?"

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Halafu akajinyoosha, na gauni likapanda kidogo.

Mguu wa kushoto. Ulikuwa mnene kuliko mwenzake, ngozi inang'aa, soksi imeacha alama kama ya kamba.

"Akko, mguu huu vipi?"

"Uzee. Na mwili."

"Unauma?"

"Nyuma hapa. Wiki sasa."

"Galgalo ameushika?"

Akauvuta chini ya gauni. "Nimuonyeshe aniambie nini? Nyumbani tukila anahesabu mkono wangu ukienda kwenye sahani. Wacha. Nikifika Makka nitapona."

Nilijua. Niliujua mguu ule kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Maneno ya Florence yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikamwangalia mama wa Galgalo, nikawaza: apande ndege na mama, arudi bila mama.

Nikamwambia, "Safari njema, Akko."

Jumatano, 29 Aprili

Nimenyamaza. Habari ya mguu sijamwambia mtu.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 1 Mei

Mvua imebeba daraja dogo la kwenda kwa akina Halimo. Nimekaa ninawaza jinsi atakavyosimama mbele ya mama yake na vyombo vyake vyote vya kupimia shingoni, asijue ilianzia wapi. Kisha nitamtumia ujumbe. Ilianzia mguuni, ndugu yangu. Hukuugusa. Na yeye atakuwa na nguo ya kufua.

Kuku wa Akko anazurura uani. Sijamchinja.

Jumamosi, 2 Mei

Sikula. Fathia ameniuliza kama naumwa. Nilisema ni baridi.

Jumapili, 3 Mei

Halimo alipita na maziwa, amezungukia barabara kubwa kwa kuwa daraja halipo. "Akko Ado ananiuliza jina la mama yake Samatar," akasema. "Anakusanya majina ya kwenda kuombea kule. Samatar amemweka wa kwanza. Anataka amtaje sawasawa, mwana wa fulani." Akakung'uta shuka lake. "Nilimwambia. Ila yule mzee anachechemea, sijui atazungukaje Kaaba."

Nilienda chumbani nikakaa kitandani. Tangu afe, mji huu unamwita marehemu, au Fahali. Mtu mmoja tu ametaka jina lake kamili. Ni yule ninayemngojea afe.

Nilimtuma Fathia mvua ikinyesha. Nilimwambia aseme, daktari aje kesho asubuhi, asikose.

Jumatatu, 4 Mei

Alikuja. Alianza kusema mambo ya mnada, matope, sijui nini. Nikamkata.

"Nenda nyumbani sasa hivi ukauone mguu wa kushoto wa mama yako. Lakini kwanza umwombe. Useme, Mama, naomba uniruhusu niuone mguu wako. Neno la mwili usilitaje. Uuguse, uuguse na mwingine. Kisha umpeleke kwa Florence."

Alikuwa ameelewa. Ni daktari, si mjinga, na hilo ndilo linalonichoma.

"Umeuona lini?"

"Jumanne."

"Jumanne!" Sauti ilimpasuka. "Leo ni Jumatatu, Mama Fathia!"

"Ndiyo. Nilikuwa nangoja mpande ndege."

Nilidhani atanitukana, na ningekubali.

"Na msamaha?" akauliza polepole.

"Uko pale pale ulipokuwa."

Alikimbia. Pikipiki aliiacha.

Alhamisi, 7 Mei

Damu iliganda. Wameiwahi. Akko amelazwa, anadungwa sindano, na Hija mwaka huu hakuna, kwake wala kwa mwanawe.

Halimo alienda kumwona. "Florence anamwomba ruhusa hata ya kumpima joto," akasema. "Na mwanawe amesimama pale ukutani, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Siku ya kwanza, Akko akamfukuza nje. Alisema, huyu atoke nivuliwe soksi. Leo amemwacha akae."

Nimemtaja Samatar kwa jina lake lote kwenye sala, kwa kuwa sasa hakuna atakayemtaja kule.

Jumanne, 12 Mei

Jua. Matope yanakauka. Sasa hahitaji msamaha wangu, safari imekufa. Nitabaki nao.

Jumamosi, 16 Mei

Halimo alifika kwanza, anahema, kitambaa begani, mtungi umebaki nusu.

"Amepanda!"

"Nani?"

"Nani mwingine! Mnada umejaa mpaka barabarani. Boru wa mizani alimwambia, daktari, shuka, usituletee vituko, ng'ombe za watu zinangoja. Akasema, nipime. Boru akampima. Akasema, niandike. Boru anakataa. Akamgeuzia mgongo, akasema, niandike kama mlivyomwandika Samatar."

"Watu walicheka?"

"Walicheka! Mimi niliwashinda wote." Akakaa chini. "Halafu chaki ilipogusa shati nikamwona kaka yangu. Mtungi ukaniponyoka." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Halimo sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi alikuwa akigawa chai.

Kisha tukasikia miguu nje. Hakukuwa na pikipiki.

"Salaam aleikum. Nimekuja."

"Geuka," nikasema, nikainua pindo la pazia.

Shati lilikuwa jeupe na limelowa jasho. 71, kwa buluu. Mabega yake yalikuwa membamba kama ya mtoto wa shule. Mvua yote hii nilikuwa nimembeba moyoni mtu mkubwa, na huyu hapa alikuwa kilo sabini na moja.

"Njiani wamekuitaje?"

"Mbuzi."

Raha niliyoingojea ilikuja, sitasema uongo. Ilikuja yote. Ikakaa muda wa chai kupoa, kisha nikaona jinsi shati lilivyoganda mgongoni, na nikajua kwamba atakayelifua itamchukua muda.

"Kwa chaki nimekusamehe," nikamwambia. "Kwa mguu, bado."

"Nifanye nini kwa mguu?"

"Pale ndani kuna kiti cha chuma. Fathia atakutolea. Kiweke kwenye chumba chako cha kupimia, ndani, si nje kwenye foleni. Mtu akiingia afunge mlango. Aliyechoka kuviangalia viti miguu akalie hicho. Na kila asubuhi ukifungua, ukione kabla hujamwona mgonjwa."

"Ni kiti chake?"

"Ndiyo."

Alikibeba mwenyewe. Ni kizito. Alikibeba kichwani akatoka hivyo, nambari mgongoni na kiti juu, na sikumwambia asubiri giza.

Jumatatu, 25 Mei

Eda imeisha. Nimeoga, nimefungua mlango wote. Kuku wa Akko yuko hai na anataga.

Jumamosi, 30 Mei

Safari yangu ya kwanza nje nimemsindikiza Fathia kliniki. Ilinichukua siku tatu kumshawishi. Alikubali kwa masharti kwamba mimi nikae kwenye benchi na nikisikia neno moja tu la kipumbavu niingie na kiatu.

Foleni ilikuwa ndefu. Watu walinipisha. Fathia akaitwa kwa jina lake na la baba yake. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Nilitega sikio. Foleni yote ilitega, nawajua. Hatukusikia kitu. Mwanamke mmoja pembeni yangu akasema, "Siku hizi kliniki hii haina hata habari," na wengine wakacheka.

Fathia alikaa sana. Alipotoka nilimwangalia usoni kwanza, kama mtu anayeangalia mawingu.

"Amekuambia nini?"

"Ameniuliza kama anaweza kunipima uzito. Ameleta mizani nyingine, pana."

"Ukasemaje?"

"Nikakataa."

"Akasema?"

"Akasema sawa. Akasema, basi tuanze na kilichokuleta. Nikamwambia kichwa. Tumeongea kichwa." Akainua mkono ulio na alama ya mkanda wa kupimia presha. "Iko juu. Amenipa dawa. Nitarudi wiki ijayo." Kisha akacheka kile kicheko cha baba yake, mpaka benchi likatikisika. "Mama, kiti cha Baba kinalia kama zamani, upande wa kulia."

Daktari alitoka kutusindikiza hadi kwenye ngazi. Hakunitazama machoni.

"Mama Fathia," akasema. "Na ule wa mguu?"

Mlangoni alikuwa amesimama mwanaume mnene, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kinna, hajui kama aingie au arudi. Nilimwonyesha daktari kwa macho.

"Bado," nikasema. "Mgonjwa wako anangoja."

Tulirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita mnadani.